Wino wa kwanza wa kalamu ya zamani

Kalamu ya wino ya kati ya miaka ya 1920 na 1960 ikikufikia mkononi, iwe umeachiwa na mzee au umeinunua kwa muuza vitu vya kale, swali linalokuja haraka ni rangi ya wino. Liweke kando kwanza. Kazi ya wino wa kwanza ni kuipima kalamu: inavuja au haivuji, wino unafika kwenye nibu au unakwama njiani, na ndani mmebaki nini cha mwenyewe wa kwanza. Wino wa kupimia unatakiwa uwe na sifa moja kuliko zote, nayo ni kutoka kwa maji matupu. Mng'ao, rangi ya kipekee na kudumu karatasini miaka mia vina wakati wake.

Kwa hiyo anza na bluu inayofulika, ile ambayo ikidondokea shati hutoka kwa kufua. Tatu zinaaminika na hazijabadilika sana tabia: Waterman Serenity Blue (chupa za miaka ya nyuma zimeandikwa Florida Blue, wino ni uleule), Pelikan 4001 Royal Blue, na Parker Quink ya bluu yenye neno Washable kwenye lebo. Litafute neno hilo hasa, kwa sababu Quink ina bluu nyingine iliyoandikwa Permanent, na hiyo si ya kuanzia. Waterman huja kwenye chupa ya mililita 50, Quink mililita 57, Pelikan mililita 30 au 62.5. Kalamu nyingi za zamani hubeba kama mililita moja kwa mjazo, kwa hiyo hata chupa ndogo itakutosha kwa miezi.

Tofauti ya hizo tatu ni mtiririko. Waterman hutiririka kwa wepesi, Pelikan ni mkavu, yaani hutoka kwa kubana, na Quink iko katikati. Usipojua kalamu yako ikoje, chukua Waterman. Ikiwa unajua kuwa inamwaga wino mwingi, au nibu yake ni laini na hupanuka ukiikandamiza, chukua Pelikan.

Tazama kalamu inanyonyaje wino

Wino huchaguliwa kwa kuangalia kilicho ndani. Ubavuni kukiwa na wenzo mdogo wa chuma unaoinuliwa kwa ukucha, ndani mna kifuko cha mpira kinachobanwa na ubapa wa chuma. Esterbrook J ya Marekani iko hivyo, na vivyo hivyo kalamu nyingi za Conway Stewart za London na Sheaffer za kabla ya vita. Nyingine hazina wenzo bali kitufe kilichofichwa chini ya kifuniko kidogo cha nyuma. Parker Duofold ni mojawapo, na ndani yake pia ni kifuko kilekile.

Kifuko hicho ni cha mpira wa asili na kimegandishwa kwenye shingo ya kalamu kwa gundi iitwayo shelaki. Hapo ndipo uamuzi ulipo. Shelaki huyeyuka kwenye spiriti, na hulainika kwenye kimiminika chenye alkali nyingi. Mpira wa asili nao huharibiwa na mafuta, joto na umri. Wino wenye alkali kali, hata uwe mzuri kiasi gani, unaweza kukufungulia gundi ya kifuko taratibu, na siku utakayojua itakuwa umeshalowa vidole.

Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941, ni habari nyingine. Ukifungua mwili wake ukakuta ala ya chuma yenye ubapa wa kubonyeza, una toleo la kuanzia mwaka 1948 hivi, lenye kifuko cha plastiki ya PVC. Kifuko hicho ni kigumu kufa, na vingi vinafanya kazi hadi leo bila kubadilishwa. Ukikuta kibonyezo chini ya kifuniko cha nyuma, una toleo la awali lenye kiwambo cha mpira, na hicho mara nyingi kinahitaji fundi kabla ya wino wowote. Matoleo yote mawili yana jambo moja linaloamua wino: nibu imefichwa ndani ya kofia ya plastiki, na chini ya kofia hiyo mna kikusanyio chenye mapezi membamba yanayoshika wino wa akiba. Wino ukikaukia kati ya mapezi hayo hufiki kwa brashi wala kitambaa, ni maji tu yanayopita. Kwa hiyo 51 huvumilia mengi lakini haisamehi wino wenye chembe.

Kwenye ala ya chuma ya baadhi ya kalamu hizo kumechongwa maelekezo ya kutumia wino uitwao Superchrome. Usiyafuate. Superchrome ulikuwa na alkali kali, ulikula sehemu za ndani za kalamu za Parker yenyewe, na uliondolewa sokoni. Ukiikuta chupa yake kwa muuza vitu vya kale, inunue kwa ajili ya kabati ukipenda, lakini isiingie kwenye kalamu. Kwa jumla wino wa zamani wa aina yoyote hauna faida: maji yameshapungua, rangi imezidi ukali, na mara nyingi kuna ukungu.

Kalamu za pistoni, zile za kuzungusha kitasa cha nyuma, huanzia na Pelikan 100 ya mwaka 1929. Za mwanzo zina kizibo cha koki ndani. Koki inataka unyevu. Ikikaa kavu husinyaa na kupitisha wino nyuma. Pelikan 400 ya mwaka 1950 ina kizibo cha plastiki, haina tatizo hilo. Zote mbili zina sehemu angavu ya kuonyesha kiasi cha wino, na sehemu hiyo ikishapata doa la rangi nyekundu au zambarau, doa hilo ni la kudumu. Ni sababu tosha ya kuanza na bluu.

Mwisho geuza nibu uangalie mhuri. Ikisomeka 14K, 14ct au 585 ni dhahabu, haishiki kutu. Isiposomeka hivyo, ichukulie kuwa ya chuma cha pua au chuma kilichopakwa, na uzingatie onyo la wino wa chuma hapa chini. Nibu za Esterbrook, kwa mfano, ni za chuma.

Kwa nini bluu inayofulika na si nyeusi

Wengi hufikiri nyeusi ndiyo salama kwa sababu ndiyo ya kawaida. Nyeusi nyingi zina rangi nzito zaidi, na nyingine zina kaboni. Bluu inayofulika ina rangi kidogo iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, haina chembe. Zaidi ya hapo, rangi yake hupauka ikikutana na alkali. Ndiyo maana wanafunzi wa Ujerumani, ambao huandika kwa kalamu za wino tangu shule ya msingi, hutumia kalamu maalumu ya kufutia bluu hiyo. Kwako faida ni kwamba masalia yoyote yatakayogoma kwa maji yatakubali amonia kidogo sana, bila kusugua.

Tabia hiyohiyo ina upande wa pili. Mabaki ya sabuni ndani ya kalamu yanaweza kupausha wino wako mpya au kuugeuza kijivu. Ukiona bluu imefifia kwenye mistari ya mwanzo, usiulaumu wino, suuza tena.

Na haifai kwa kila kazi. Hufifia kwenye mwanga wa jua na kuyeyuka karatasi ikilowa. Mkataba, hati ya kiwanja na hundi usivisaini kwa bluu hii.

Wino usioingia kabisa

Kwenye maduka yetu ya vifaa vya ofisi hatari kubwa ni kuchanganya chupa. Wino wa mhuri, ule wa kuongezea kwenye kibweta cha muhuri, umetengenezwa usikauke haraka na mara nyingi una glisirini au mafuta. Ukiingia kwenye kifuko cha mpira umekiharibu. Wino wa printa nao hautengenezwi kwa ajili ya mfereji wa kalamu. Wino wa kuchorea, ambao lebo huuita India Ink hata kama umetengenezwa Ulaya, ni kaboni na shelaki au akriliki: ukikauka haurudi kuwa kimiminika, na kalamu imekufa. Usichanganye huo na wino wa kawaida uliotengenezwa nchini India, kama bluu ya Camlin ya kalamu za wino, ambao ni rangi iliyoyeyuka na ni mbadala wa kukubalika ukikosa zile tatu. Kwa wino wa China soma lebo yote, kwa sababu baadhi ya chupa za Hero ni za kaboni. Kipimo ni kimoja: lebo iseme wazi kuwa ni wa kalamu ya wino. Isiposema, iache dukani.

Wino wa chuma, unaotengenezwa kwa chumvi ya chuma na asidi ya tanini, ni wino halisi na wa heshima. Huko Uingereza daftari za vizazi na ndoa zilikuwa zikiandikwa kwa wino wa namna hiyo, na Diamine huuza unaoitwa Registrar's. Huandika bluu kisha huiva kuwa mweusi ukikutana na hewa, na maji hayautoi. Lakini una asidi, hula nibu za chuma, na ukikaukia ndani huacha mashapo ambayo maji peke yake hayayeyushi. Kalamu ambayo hujui inavuja wapi na inakauka kwa kasi gani haistahili kuanza nao. Pelikan 4001 Blue-Black na wino wa bluu-nyeusi wa Platinum ni wa familia hiyo, ingawa majina yao hayasemi.

Wino wa kumetameta wenye vumbi la dhahabu au fedha, na wino wa chembe za rangi, ni wa kalamu za kisasa zinazofunguka zote. Baystate Blue ya Noodler's ni bluu ya kupendeza inayotia doa kila inachogusa, plastiki ikiwemo. Iepuke kwenye kalamu yoyote yenye sehemu angavu. Nyekundu na zambarau zisubiri hadi ujue mwili wa kalamu yako umetengenezwa kwa nini.

Osha kabla, hata kama inaonekana safi

Anza kwa kuupima mpira. Itikise kalamu karibu na sikio. Ukisikia mchakacho wa vipande vigumu, kifuko kimekauka na kuvunjika. Inua wenzo polepole kwa ukucha. Ukigoma, acha hapohapo, kwa sababu ndani kuna mpira uliokuwa jiwe na ukilazimisha utavunja wenzo au utapasua ubavu wa kalamu. Ukiinuka ovyo bila ukinzani wowote, kifuko hakipo. Katika hali zote hizo hakuna wino wa kuchagua bado. Kalamu iende kwa fundi ibadilishiwe kifuko.

Ikipita, andaa bilauri mbili, tishu nyeupe, bomba la sindano la mililita 5 bila sindano yake, na maji ya joto la chumba. Usitumie maji ya moto hata kidogo. Eboniti nyeusi, yaani mpira mgumu wa miili ya kalamu za zamani, hugeuka kahawia kwenye maji ya moto, na seluloidi, plastiki ya zamani, hulainika na kupinda. Usitumie spiriti wala aseton, zinayeyusha seluloidi na shelaki. Na usiloweke mwili mzima: kalamu za kesini, plastiki ya protini ya maziwa, ambazo Conway Stewart walitengeneza nyingi, hunyonya maji na kuvimba. Loweka nibu na shingo tu, maji yaishie chini ya mahali shingo inapoungana na mwili.

Acha dakika 30. Maji yakigeuka rangi yamwage, weka mengine, rudia. Kisha jaza na umwage maji kwa kutumia mfumo wa kalamu yenyewe, mara kumi hivi. Kwa Parker 51 utashangaa: baada ya maji kutoka meupe, iache usiku kucha na nibu ndani ya maji, na asubuhi bilauri itakuwa na wingu la bluu kutoka kwenye mapezi. Endelea siku mbili tatu, usiifungue kofia. Kwa kalamu ambazo shingo yake hutoka kirahisi, kipira cha kuvutia kamasi za mtoto mchanga kinasukuma maji vizuri kuliko kifaa chochote cha bei ghali.

Wino ukigoma, changanya mililita 10 za amonia ya nyumbani na mililita 100 za maji, pamoja na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Ikae ndani ya kalamu dakika 10, si zaidi, kwa sababu amonia hulainisha shelaki. Kisha suuza mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Jiki isikaribie kalamu wala mchanganyiko huu: hula chuma, na ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu.

Maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yaliyokenekwa. Maji ya bomba na ya visima katika miji ya pwani yana chumvi nyingi, na chumvi hiyo hubaki kwenye mfereji mwembamba wa ulimi, kile kipande cha chini ya nibu kinacholeta wino. Njia rahisi ni duka la dawa: maji ya kuchanganyia dawa ya sindano, chupa ndogo za mililita 10, ni safi na ya bei ndogo. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa pia ikiwa una uhakika kuwa ni maji. Kwenye rafu hiyohiyo huuzwa asidi ya betri, na watu huziita zote kwa jina moja, kwa hiyo ukiwa na shaka nenda duka la dawa.

Sasa pima kabla ya kutia wino. Jaza maji, funga tishu kavu kuzunguka kiungo cha shingo na mwili, ilaze kalamu usiku kucha. Tishu ikiwa kavu asubuhi, kiungo ni kizima. Kisha mwaga maji yote ndani ya bomba la sindano lenye vipimo. Yakikaribia mililita 1, kalamu inajaza vizuri. Yakiwa chini ya nusu mililita, kifuko ni kifupi mno, ubapa umepinda, au kimrija cha ndani kimeziba. Wino hautatatua hilo.

Kujaza mara ya kwanza

Mimina mililita 4 au 5 za wino kwenye kichupa kidogo cha kioo badala ya kuchovya kalamu kwenye chupa kuu. Kalamu ambayo haijapimwa inaweza kurudisha uchafu, na uchafu huo ukiingia chupani umeharibu wino wote. Unaobaki kwenye kichupa umwage, usiurudishe. Kichupa kitakufaa pia ikiwa huna chupa kabisa: katriji za Pelikan za bluu zina wino uleule, zinyonye kwa bomba la sindano na uzimimine humo.

Zamisha nibu yote na ncha ya shingo. Kalamu nyingi zina tundu la hewa nyuma ya nibu, nalo likiwa juu ya wino utanyonya hewa. Kwa wenzo: inua hadi mwisho, shusha taratibu, hesabu hadi kumi nibu ikiwa bado ndani. Mpira wa zamani hurudi umbo lake polepole, na ukiitoa mapema unapata nusu mjazo. Rudia mara mbili. Kwa Parker 51 ya ala ya chuma, bonyeza mara tano au sita, ukisubiri sekunde mbili kila ukiachia.

Ukiitoa, inua wenzo kidogo hadi matone matatu yarudi kwenye kichupa, kisha elekeza nibu juu na ushushe wenzo. Wino uliojaa kwenye ulimi utavutwa ndani, na kalamu haitadondosha ukianza kuandika. Futa shingo na tishu. Juu ya nibu pitisha tishu bila kukandamiza. Ukiiweka kwenye mpasuo na kuishikilia, itanyonya wino wote uliotangulia.

Kusoma majibu

Andika ukurasa mzima, si sahihi tatu. Mstari wa kwanza huwa hafifu kwa sababu ndani bado kuna maji. Baada ya mistari kumi rangi iwe imetulia.

Rangi ikizidi kuwa nyeusi au ya kijani kadiri unavyoandika, wino wako unayeyusha wino wa zamani uliobaki. Hilo ni jema. Tumia mjazo huo uishe, suuza, jaza tena. Kwa kawaida mjazo wa tatu huwa safi.

Mstari ukianza mnene kisha ukakauka baada ya nusu ukurasa, wino unatoka lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake, au mfereji una mabaki. Osha tena kabla ya kuigusa nibu. Watu wengi huharakia kupanua mpasuo wa nibu kwa kisu au wembe, na nibu ya dhahabu ikishapanuliwa hivyo ni kazi kubwa kuirudisha. Ikiwa kalamu ni safi na bado inabana, na ulianza na Pelikan, badilisha uende Waterman. Mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Kalamu ikitema wino, angalia kiasi kilichobaki ndani. Kifuko kikiwa nusu tupu kina hewa nyingi. Joto la mkono hutanua hewa hiyo nayo husukuma wino nje. Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari tatizo hili si la kalamu mbovu. Jaza upya wino ukifika theluthi, usiiache kwenye gari, na ukisafiri kwa ndege iwe imejaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu. Ikitema hata ikiwa imejaa, basi kifuko kinapitisha hewa kwenye gundi au shingo ina ufa.

Ukiifunika jioni na asubuhi isiandike, na mchana wake iliandika vizuri, kifuniko kinapitisha hewa. Tafuta ufa mdomoni mwa kifuniko kwa tochi. Hakuna wino utakaoziba ufa, ingawa Waterman huanza upesi kuliko Pelikan katika hali hiyo.

Kabla ya kutoa hukumu yoyote jaribu karatasi mbili tofauti. Kwenye daftari nyingi za shule wino hutambaa kwenye nyuzi na herufi zikaota manyoya, hasa wino wa mtiririko mwepesi. Karatasi nzito ya A4, ya gramu 80 au zaidi na yenye uso laini, itakuonyesha kalamu ilivyo. Na usiegemeze kiganja kilicholowa jasho mahali utakapoandika. Mafuta ya ngozi huifanya nibu iruke, na utaitafutia kalamu ugonjwa isiokuwa nao.

Ukishaijua kalamu

Mijazo mitatu au minne ikipita bila kasoro, panua uchaguzi. Hatua ya kwanza nzuri ni Waterman Mysterious Blue, iliyokuwa ikiitwa Blue-Black. Tofauti na bluu-nyeusi za Pelikan na Platinum haina chuma, na ni tulivu kwa mpira wa asili. Quink nyeusi inafuata. Ukihitaji wino wa hati, tumia wa chuma kwenye kalamu yenye nibu ya dhahabu tu, ambayo unaiandikia kila siku, na uioshe kila baada ya wiki mbili hata kama rangi haijabadilika.

Kila unapobadili wino osha hadi tone la maji kwenye tishu likauke bila rangi. Aina mbili, mmoja wa asidi na mwingine wa alkali, zikikutana ndani ya kalamu hufanya mashapo kama tope, na kwenye Parker 51 tope hilo huenda moja kwa moja kwenye mapezi.

Chupa ihifadhi kabatini, gizani, kifuniko kimekazwa na mdomo umefutwa. Unyevu na joto la pwani hupendwa na ukungu. Kila ukiifungua, inuse na uinamishe kwenye mwanga: utando juu ya wino, nyuzi zinazoelea au harufu ya kuvunda inamaanisha chupa yote itupwe, na kalamu iliyojazwa kutoka humo ioshwe siku hiyohiyo. Kalamu usiyoitumia kwa zaidi ya wiki mbili imwage, isuuze na iweke ikiwa kavu, isipokuwa ile ya kizibo cha koki, ambayo uiachie maji safi kidogo ndani na kuyabadilisha kila wiki.